Historia ya Chujio Lisilotupa Kitu

Jiko la pwani halikosi kifumbu. Nazi ikisha kukunwa hutiwa maji, ikawekwa ndani ya kifumbu na kukamuliwa kwa nguvu. Tui likachuruzika chini, machicha yakabaki ndani. Machicha hayo hutupiwa kuku. Mpishi aliyefanya haraka, akayatupa hali tui bado limo, hawezi tena kuwafuata kuku uani akawadai machicha yake.

Nimeanza na jambo la jikoni kwa sababu insha hii ni habari za machujio, ijapokuwa si ya nazi wala ya chai. Ni machujio ya maneno yapitayo katika mitandao ya kompyuta. Historia yake ni fupi kuliko umri wa mzee mmoja. Watu walianza na kifumbu, wakaja wakatambua hasara ya machicha yaliyokwisha kuliwa na kuku, ndipo wakatafuta namna nyingine ya kuchuja.

Yatupasa kwanza tujue ni kitu gani kinachochujwa. Kompyuta ikitaka kupeleka barua au picha kwa kompyuta nyingine, haiipeleki nzima. Huikata vipande vidogo vidogo, na kila kipande hukitia katika bahasha yake, yenye anwani ya mpelekaji, anwani ya mpokeaji, na alama nyingine za njiani. Kipande hicho pamoja na bahasha yake huitwa pakiti. Wazo hilo lilizuka katika miaka ya 1960 kwa watu wawili, kila mmoja akifikiri peke yake: Paul Baran huko Marekani na Donald Davies huko Uingereza, na Davies ndiye aliyechagua jina la pakiti. Tarehe 29 Oktoba 1969, kompyuta moja ya chuo kikuu mjini Los Angeles ilijaribu kupeleka neno kwa kompyuta ya taasisi ya utafiti ya Stanford. Zilifika herufi mbili tu, kisha mtambo ukagoma.

Mwaka 1973, katika maabara ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, Robert Metcalfe na mwenziwe David Boggs walianza kuunda mtandao ulioitwa Ethernet. Katika mtandao huo kompyuta nyingi zilishiriki waya mmoja, na hapo ndipo habari yetu inapoanzia hasa. Waya ukiwa mmoja, lisemwalo na mmoja husikiwa na wote, kama ilivyo darasani. Kila kompyuta hutazama anwani iliyo juu ya bahasha, na ikiona si yake hujifanya haikusikia. Lakini yaweza kuamriwa isijifanye. Ikaokota kila pakiti ipitayo, iliyo yake na isiyo yake.

Naomba nisimame hapa kidogo. Kusikiliza maneno ya watu bila idhini ni kosa, na katika Kenya sheria ya mwaka 2018 inayohusu uhalifu wa kompyuta imelitaja kosa hilo waziwazi. Ninayoyaeleza ni kazi ya fundi katika mtandao aliokabidhiwa, aliyeitwa kwa sababu mambo hayaendi. Fundi wa bomba hafungui bomba la jirani kwa udadisi.

Basi fundi huyo anayaona maji mengi mno. Mtandao wa shule ndogo hupitisha maelfu ya pakiti kwa dakika chache, na pakiti moja tu kati ya hizo yaweza kuwa ndiyo yenye ugonjwa. Haiwezekani kuzisoma zote kwa macho. Lazima achague, na swali lililowashughulisha mafundi tangu mwanzo ni hili: achague wakati gani?

Jibu la kwanza lilikuwa kuchagua mlangoni. Mwaka 1980, Mike Accetta na Rick Rashid wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walitengeneza chujio la pakiti lililokaa ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta, karibu na pale waya unapoingia. Kuanzia mwaka 1983 Jeffrey Mogul wa Stanford aliiendeleza kazi hiyo, na mwaka 1987 wote watatu wakaiandikia makala iliyosomwa sana na wataalamu. Sababu yao ilikuwa njema. Kuichukua pakiti kutoka kwenye kiini cha mfumo na kuipeleka kwenye programu ya mtumiaji ni safari yenye gharama, na kompyuta za siku zile zilikuwa dhaifu. Kwa nini kuzibeba pakiti mia ili tisini na tisa zitupwe baada ya kufika? Heri kuzitupa kabla ya kuzibeba.

Baadaye kidogo, katika maabara ya Lawrence Berkeley huko California, Van Jacobson, Craig Leres na Steven McCanne waliandika programu iitwayo tcpdump, ambayo mpaka leo mafundi wa dunia nzima wanaitumia. Mwaka 1993 McCanne na Jacobson wakatoa maelezo ya chujio jipya lililojulikana kwa herufi tatu, BPF. Lile la kale lilifanya hesabu zake kwa kurundika, kama sahani zinavyorundikwa, na mara nyingi lilirudia kusoma sehemu ile ile ya pakiti. Hili jipya lilifuata njia kama msafiri afikaye njia panda: akiulizwa swali, jibu la ndiyo humpeleka kulia na jibu la hapana kushoto, wala haulizwi tena lililokwisha kujibiwa. Wenyewe walilipima wakaona kwamba lilishinda la kale kwa mwendo, kuanzia mara moja na nusu hata mara 20. Na kuna jambo moja ndani yake ambalo mimi hulipenda kuliko hesabu hizo: amri za chujio hilo haziruhusiwi kuruka kurudi nyuma, huenda mbele tu. Kwa hiyo haliwezi kuzunguka milele likaifunga kompyuta. Ni lazima lifike mwisho na kutoa jibu.

Mtumiaji hakuhitaji kuyajua hayo yote. Aliandika sentensi fupi, kwa mfano host 192.0.2.7 and port 80, yaani azitaka pakiti za kompyuta yenye anwani hiyo zinazopita katika mlango namba 80, ule utumiwao na kurasa za tovuti. Pakiti iliyopata jibu la ndiyo ilihifadhiwa. Iliyopata jibu la hapana haikuhifadhiwa popote. Hilo ndilo chujio la kunasia, na ndilo kifumbu chetu.

Ubaya wa kifumbu hiki hauonekani mpaka siku ya shida. Tuseme watu wanalalamika kwamba ukurasa fulani wa tovuti unachelewa kufunguka. Fundi anatega, naye kwa busara yake anaamuru zinaswe pakiti za kompyuta yenye ukurasa huo peke yake. Anatazama alichonasa: kila ombi limejibiwa upesi. Ukurasa hauna kosa, watumiaji wasema uongo! Kumbe kompyuta, kabla ya kuuomba ukurasa, huuliza kwanza kwa kompyuta nyingine kabisa, ile inayotunza orodha ya majina na anwani, na kuchelewa kote kulikuwa huko. Pakiti za ulizo hilo zilipita mlangoni, chujio likazikataa. Fundi alitakiwa ajue ugonjwa ulipo kabla ya kuutafuta.

Mwishoni mwa mwaka 1997, Gerald Combs, aliyesoma sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Missouri, Kansas City, alikuwa akifanya kazi katika kampuni ndogo ya kuuza huduma ya intaneti. Alihitaji chombo cha kutafutia hitilafu. Vilivyouzwa wakati huo vilifikia bei ya dola 1,500 hivi, na juu ya hayo havikufanya kazi katika mifumo iliyotumiwa na kampuni yake. Akaanza kuandika cha kwake. Kazi ilisimama mara kadhaa, lakini Julai 1998 alikitoa kwa watu wote bure, pamoja na maandishi yake ya ndani, kwa jina la Ethereal. Siku chache tu zilipita, wageni wasiomjua wakaanza kumletea masahihisho. Mmoja wa waliotangulia kufika ni Gilbert Ramirez, ambaye baadaye alifanya kazi kubwa katika kuunda machujio ninayotaka kuyaeleza. Mwaka 2006 Combs alihama kazi. Maandishi mengi yalikuwa mali yake lakini jina halikuwa lake, hivyo chombo kikabatizwa upya, kikaitwa Wireshark.

Chombo hiki hakikuliacha chujio la kunasia. Kilileta la pili, liitwalo chujio la kuonyeshea, na tofauti yake na lile la kwanza ni kubwa kuliko majina yanavyoonyesha. Kwa kweli jina la chujio halikulifaa. Linafanana zaidi na mwalimu aliyeshika daftari la mahudhurio la mwaka mzima, akasema, “Nionyesheni waliokosa Jumatatu.” Majina mengine hayafutwi, hayatazamwi tu kwa wakati huo. Kesho aweza kuuliza juu ya Ijumaa, na daftari ni lile lile.

Ili swali la namna hiyo liwezekane, ilibidi kazi mbili zifanywe. Ya kwanza ni kuipasua pakiti. Programu hufungua bahasha ya nje, ikaikuta nyingine ndani yake, na ndani ya hiyo nyingine tena, na kila sehemu iliyomo huipa jina. Anwani ya mpelekaji ni ip.src, anwani ya mpokeaji ni ip.dst, muda uliopita kabla ya kujibiwa ulizo la jina ni dns.time. Leo majina hayo ni zaidi ya 200,000, yakiwa yameandikwa na watu wengi wa nchi nyingi.

Kazi ya pili ni kulielewa swali. Mtu akiandika dns.time > 1, maana yake aonyeshwe majibu yaliyochukua zaidi ya sekunde moja, programu huitenga sentensi neno kwa neno, ikachungua sarufi yake, kisha ikachungua kama vitu vinavyolinganishwa vyalingana kwa jinsi, maana haifai kulinganisha anwani na muda. Ndipo huigeuza sentensi iwe amri ndogo ndogo, na kila pakiti hupitishwa mbele ya amri hizo moja baada ya moja. Wakati mtu anaandika, kisanduku chenyewe hubadili rangi: sentensi iliyokosewa hufanya kisanduku kiwe chekundu, na iliyo sahihi hukifanya kijani. Iko na rangi ya tatu, manjano, nitaifikia.

Yule fundi wetu wa ukurasa unaochelewa, kama angenasa kila kitu kisha akauliza dns.time > 1, angaliuona ugonjwa kwa mstari mmoja. Lakini nisilisifu kupita kiasi. Kunasa kila kitu hujaza ghala la kompyuta upesi, na hukusanya siri za watu pamoja na hitilafu. Tena kila swali jipya huilazimisha programu kuzipitia pakiti zote upya, na faili likiwa kubwa utamaliza kikombe cha chai ukingoja. Mafundi hodari hutumia yote mawili: la mlangoni kwa kutupa yale wasiyokuwa na shaka nayo hata kidogo, la machoni kwa mengine yote. Wanafunzi nao husumbuka kwa kuwa lugha za machujio haya mawili si moja. Lile la kwanza lataka host, hili lataka ip.addr. Yalizaliwa katika nyumba mbili na kila moja likabaki na lugha ya kwao.

Sasa nifikie rangi ya manjano. Mwaka 2019 nilikuwa nikifundisha katika chuo cha ualimu ambacho sina haja ya kukitaja. Kila siku asubuhi mtandao wa chuo ulikuwa mzito kama uji uliopoa, na lawama zote ziliwaangukia wanachuo. Ilisemekana kwamba wakiingia katika maabara ya kompyuta hutazama sinema. Ikaazimiwa maabara ifungwe mwisho wa juma, na mimi nikaombwa nitoe ushahidi. Kwa idhini ya mkuu wa chuo nilitega mahali ambapo nyaya zote hukutana, nikanasa pakiti za dakika kumi, vichwa vya bahasha peke yake, ili nisisome barua ya mtu.

Niliona kompyuta moja ya ofisi ikijitokeza mara nyingi. Nikafikiri hivi: nitaiondoa machoni, na kama msongamano utapungua, basi kosa ni lake, kama hautapungua, kosa ni la maabara. Nikaandika ip.addr != 192.168.1.20, ambapo alama zile mbili zina maana ya “si sawa na”. Kisanduku kikawa manjano, nami sikukijali, kwa kuwa si nyekundu. Orodha haikupungua hata kidogo. Nikaandika taarifa kwamba ofisi haina kosa.

Mwanachuo mmoja aliyekuwa akinisaidia kubeba nyaya alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Akanyosha kidole kwenye mstari wa tatu.

“Samahani, Mwalimu,” akasema, “si umeamuru huyu atoke? Mbona bado yumo?”

Nikatazama. Anwani niliyoikataa ilikuwamo katika mstari wa tatu, na wa nne, na wa tano, na katika kila mstari ulioonekana.

Kosa lilikuwa la kimantiki. Kila pakiti ina anwani mbili, ya mpelekaji na ya mpokeaji, na jina ip.addr hutumika kwa zote mbili. Ukisema ip.addr ni sawa na fulani, programu huuliza: je, yoyote kati ya hizi mbili ni fulani? Hiyo ndiyo maana tuitakayo. Lakini katika programu za wakati ule, ukisema si sawa na fulani, iliuliza vivyo hivyo: je, yoyote kati ya hizi mbili si fulani? Pakiti iliyotoka ofisini kwenda ng'ambo ina anwani moja ya ofisi na moja ya ng'ambo. Ile ya ng'ambo si ya ofisi. Basi jibu ni ndiyo, na pakiti yabaki. Ni sawa na kumwambia mtunza maktaba, “Niletee vitabu ambavyo mwandishi wake si Juma,” naye akakuletea kitabu kilichoandikwa na Juma pamoja na Asha, akajitetea kwamba Asha si Juma. Hakusema uongo. Lakini hukutaka hivyo.

Tulichopaswa kuandika ni !(ip.addr == 192.168.1.20), yaani kwanza zitafutwe pakiti zote zinazohusu anwani hiyo, kisha zikataliwe zote. Tukaandika hivyo, na ule umati wa mistari ukayeyuka. Kompyuta ya ofisi ilikuwa ikipeleka nakala za mafaili yake kwenye ghala la mbali kila asubuhi. Kazi ilikatika katikati, ikaanza upya, ikakatika tena, saa zote. Hapakuwa na sinema. Niliichana taarifa yangu nikaandika nyingine, na maabara haikufungwa.

Nilifedhehekea, lakini baadaye niligundua kwamba nina wenzangu wengi. Mtego huo ulielezwa katika kitabu cha maelezo ya programu kwa miaka mingi, na rangi ya manjano iliwekwa kwa ajili ya kuonya juu yake. Hata hivyo watu waliendelea kuangukia humo. Mimi naona kwamba shimo lililowekewa bango njiani halijafukiwa bado, na ilikuwa vema lifukiwe mapema. Lilifukiwa Novemba 2021, lilipotoka toleo la 3.6. Tangu hapo “si sawa na” ina maana ile ile ya kukanusha “sawa na” kwa ukamilifu. Mwaka 2022 toleo la 4.0 likaongeza maneno mawili ya kuwekwa mbele ya jina la sehemu, moja lenye maana ya “yoyote” na jingine lenye maana ya “zote”, ili mwulizaji aseme mwenyewe anataka lipi. Badiliko hilo halikukosa gharama: sentensi zile zile zilizonakiliwa katika madaftari ya miaka ya nyuma sasa zatoa jibu jingine, na mwalimu mwenye madaftari ya kale yampasa ayapitie.

Faili la zile dakika kumi bado lipo, maana hakuna kilichotupwa. Mwaka juzi nilipata programu mpya, nikalifungua, nikaandika tena sentensi yangu ya 2019 kama nilivyoiandika siku ile, herufi kwa herufi. Ikaonyesha mistari michache tu, na anwani ya ofisi haikuwamo hata katika mmoja. Nikampigia simu yule mwanachuo, ambaye siku hizi ni mwalimu wa hisabati, nikamweleza. Akaniuliza kama kisanduku kilikuwa manjano.

Nikamwambia kilikuwa kijani.